Saa Kumi na Moja Kamili

Kituo chetu cha kupimia hewa kilikuwa jengo la ghorofa mbili lenye paa bapa la zege, na juu ya paa hilo ndiko nilikofanya kazi kwa miaka kumi na miwili. Niliingia pale nikiwa mfagiaji. Nilitoka nikiwa mpimaji, mwenye funguo zangu, daftari langu na koti jeupe lenye mfuko wa kalamu. Sikubebwa na mjomba wala shemeji. Mkuu wa kituo wa wakati ule alinikuta siku moja nikisoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sabuni, akaniuliza kama najua kusoma saa. Nikamjibu kwamba naisoma hata ikiwa imepinduliwa. Wiki iliyofuata nikauacha ufagio.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila jioni, saa kumi na moja, setilaiti ilipita juu ya mji wetu. Haikuonekana kwa macho, lakini chini, katika chumba cha mitambo, fundi wa antena aliipokea picha yake mstari kwa mstari, kwenye karatasi iliyotoka imelowa na kunuka kama siki. Fundi huyo tulimwita Redio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na kitufe cha kuzimia. Picha ilionyesha mawingu, moshi na vumbi, jinsi hewa inavyoonekana kutoka juu. Mimi nilitakiwa kuitazama hewa hiyohiyo kutoka chini, dakika ileile. Nilikuwa na chombo cha mkononi, kikubwa kama tofali, chenye jicho la kioo. Nilikielekeza kwenye jua, nikasubiri sindano itulie, nikaandika namba. Hewa ikiwa safi sindano hupanda, ikiwa na moshi hushuka. Wataalamu walichukua namba yangu na kuilinganisha na picha. Tukikubaliana, mimi na setilaiti, walijua kwamba picha haiwadanganyi.

Katika safu ya saa niliandika kwa wino, kila siku ya Mungu: kumi na moja kamili. Ndiyo maana wenzangu wakaniita Kamili. Jina likashuka ngazi, likatoka getini, likafika mtaani, hata muuza mkaa akawa anasema mzigo huu upeleke kwa Kamili. Sikulichukia. Mtu aliyeishia darasa la nne haitwi Kamili hivihivi.

Nimestaafu miaka mingi sasa. Redio amekwisha tangulia mbele ya haki, na chombo changu kiko kwenye kabati la vioo katika ukumbi wa kituo, chini ya picha yangu nikiwa nimekishika. Juu ya paa wameweka mtambo unaolifuata jua wenyewe, bila mtu. Nilidhani kwamba mimi na kazi ile tumeshaagana vizuri.

Alhamisi moja asubuhi akaja nyumbani mtafiti. Binti wa miaka thelathini hivi, miwani, kompyuta mpakato kwapani. Aliniamkia kwa heshima, akaniita babu, na kabla hajakaa akasema kwamba namba zangu anazijua kuliko anavyojua namba za simu za ndugu zake. Mtu akianza hivyo unamwitia chai.

Alinieleza kazi yake, nami nilimwelewa vizuri, maana sijaacha kusoma. Chuo chao kinaunganisha rekodi za setilaiti zote, za zamani na za leo, ziwe mstari mmoja mrefu. Wanataka kujua moshi ulio juu ya msitu wa kaskazini umeongezeka kiasi gani tangu enzi zetu, na miti imenyimwa mwanga kiasi gani. Setilaiti yetu ilishazimika, inazunguka huko juu kama sufuria tupu, hakuna wa kuiuliza swali. Shahidi wake pekee aliyekuwa chini, katika upande wote huu wa nchi, ni daftari langu.

Kisha akafungua kompyuta, akaigeuza upande wangu.

"Babu, hapa pananichanganya," alisema. "Miaka yako minne ya mwanzo, hewa ni safi kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa inachafuka ghafla. Jumatatu inasafika tena. Setilaiti yenyewe haioni kitu kama hicho."

Nikakohoa. Akaendelea kunionyesha kwa kidole. Mwezi wa nne mchezo huo ulikoma, na wa nane, na wa kumi na mbili, kisha ukarudi. Baada ya miaka minne ukaisha kabisa. Alikuwa amefikiria malori. Alikuwa amefikiria viwanda vinavyofungwa kwa likizo. Wakubwa zake hawakutaka kufikiria zaidi. Wao walisema shahidi anayepinda miaka minne haaminiki hata ile minane mingine, na Jumanne wangekaa kikao kuamua kuitupa miaka yote kumi na miwili. Yeye alikuwa amewaomba wamsubiri.

"Nimewaambia Kamili hakosei," alisema. "Nimewaambia nitarudi na sababu. Wewe ulikuwepo. Viwanda vilikuwa vinafungwa miezi hiyo?"

Sababu niliijua kabla hajamaliza kusema mwezi wa nane. Ile ilikuwa miezi ya likizo ya shule yangu ya jioni.

Nikamjibu kwamba viwanda vya siku zile vilikuwa na mambo yake. Akayaandika. Nilimwona akiandika neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri, na pale ndipo nilipoona aibu ya kwanza.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja nilipojiandikisha kwa masomo ya jioni. Shule ilikuwa ng'ambo ya pili ya mji, shule ya watoto, tukiyarithi madawati yao wakishaondoka. Magoti yetu hayakuingia chini ya ubao, tulikaa ubavu kama watu waliopanda punda. Pembeni yangu alikaa mshona viatu aliyelamba kalamu kabla ya kila jawabu. Mbele yetu alikaa dereva wa lori aliyeweza kulala huku kalamu yake imesimama wima, na nyuma muuguzi mmoja mama mtu mzima, aliyetucheka sote na kutushinda sote. Sijawahi kuwa na marafiki kama wale. Tulikuwa watu wazima tuliojua mambo mengi ya dunia, lakini sehemu za kumi zilikuwa zinatutoa jasho, na mmoja akipata jawabu tulimpigia makofi.

Mwalimu wetu alikuwa mfupi, mwenye tai hata siku za joto. Saa kumi na moja na robo alisukuma komeo la mlango. Baada ya hapo angekuja hata waziri, angesikiliza somo dirishani kama mbuzi. Tulimwita Komeo.

Hesabu yake ni nyepesi. Setilaiti saa kumi na moja. Komeo saa kumi na moja na robo. Baiskeli yangu, dakika arobaini. Wiki ya kwanza nilisikiliza dirishani. Wiki ya pili pia, na ilinyesha. Jumatatu ya wiki ya tatu, king'ora cha kiwanda cha sabuni kilipolia saa kumi na nusu, nilikuwa nimesimama juu ya paa na chombo mkononi. Nikapima. Nikaandika kumi na moja kamili. Nikashuka ngazi mbilimbili, na Komeo alipofika mlangoni akanikuta nimeketi.

Nilijiambia nusu saa si kitu. Jua ni lilelile, hewa ni ileile. Redio alikuwa chini na mitambo yake, mkuu alikuwa na wageni wake, na juu ya paa hapakuwa na mtu ila mimi. Jumatatu hadi Alhamisi, miaka minne.

Mwaka wa nne Komeo alitufundisha pembe. Alichora tangi la maji, akapitisha mstari wa mwanga wima, kisha mwingine wa mshazari, akamwita yule dereva aje apime kwa rula. Wa mshazari ulikuwa mrefu. Mwanga ukija kwa mshazari, alisema Komeo, unakata njia ndefu zaidi ndani ya maji, na kadiri unavyolala ndivyo unavyopungua. Kalamu yangu ikasimama. Nikaelewa yote kwa mkupuo, nimekaa ubavu kwenye dawati la mtoto. Wataalamu walikuwa wanaitumia saa yangu kujua jua liko chini kiasi gani na mwanga wake umekata hewa nene kiasi gani. Saa kumi na nusu jua bado liko juu, mwanga unapita kwenye hewa pungufu, sindano inapanda. Wao wakisoma kumi na moja, wanasema hewa ya leo ni safi. Ilikuwa safi kwa sababu mimi nilikuwa na haraka.

Mtihani wa somo lile nilipata tisini na sita. Nilimaliza shule, nikapewa cheti, na tangu Jumatatu iliyofuata mpaka siku nilipoondolewa kwenye kazi ya paani sikuandika saa ambayo sikuipima. Lakini yaliyopita niliyaacha yalivyo. Kusema kungekuwa kurudi kwenye ufagio, au pabaya zaidi. Baadaye nilipopanda cheo, kusema kukawa kugumu zaidi. Baada ya picha kutundikwa ukumbini, nilijisahaulisha.

Mtafiti alipoondoka nilibaki barazani. Mama Watoto akatoka jikoni akifuta mikono. Ukuta wetu ni mwembamba.

"Yule binti umempa chai na uongo," alisema. "Chai tu ingetosha."

Nikamwuliza amejuaje. Akasema yeye ndiye aliyekuwa anaijaza upepo baiskeli ile kila mchana, na king'ora alikuwa anakisikia kama mimi. Nilimwambia mambo ya kisayansi si mepesi kama anavyodhani, kwamba jina la mtu likivunjika uzeeni halina fundi. Hakubishana. Aliniuliza tu ni kipi kitakachotupwa Jumanne. Nikamjibu: miaka kumi na miwili.

"Na minane kati yake ulipima sawasawa?"

"Sawasawa."

"Basi unaitupa mwenyewe," alisema, akaingia ndani.

Ijumaa sikula vizuri. Jumamosi nilitunga barua mbili, nikazichana. Ya kwanza ilijitetea sana, na ya pili ilikuwa na maneno makubwa kuliko kosa lenyewe. Jumatatu nilinyoa ndevu, nikavaa koti, nikaenda kituoni kwa miguu.

Mkuu wa kituo wa sasa nilimpokea mimi alipoajiriwa. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kushika chombo bila kuacha alama za vidole kwenye kioo. Aliponiona alinyanyuka, akasema Mzee Kamili karibu, akamwita mtafiti, aliyekuwa akipekua majalada chumba cha pili, na kuagiza kiti. Nikasema nitasimama. Nikayaeleza kwa mpangilio, shule, mlango, baiskeli, king'ora, na kile nilichojifunza mwaka wa nne nikanyamaza. Sikuchukua dakika tano.

Mtafiti alicheka. Hakuwa ananidhihaki, ilikuwa kama mtu aliyepata ufunguo alioutafuta mwezi mzima. Kisha akamwona mkuu, akaziba mdomo.

"Miaka minne, mzee?" mkuu aliuliza.

"Miaka minne. Ukitoa likizo."

Alirudi kitini akakaa.

"Nimewafukuza vijana wawili hapa," alisema polepole, "kwa kuandika saa ambayo hawakupima. Niliwapeleka chini ukumbini, nikawasimamisha mbele ya picha yako. Nikawaambia, mtu ni huyu."

Hilo halimo katika hesabu zozote za mtafiti, na hakuna namna ya kulisahihisha kwa kompyuta. Mmoja wao najua anakofanyia kazi. Nimeshamwendea. Aliyoniambia yalikuwa haki yake.

Mtafiti ndiye aliyeturudisha kwenye kazi. Aliuliza kwa sauti ya kazi, kalamu tayari, nilipima saa ngapi hasa. Nikasema kumi na nusu, king'ora kikilia. Akauliza kama king'ora chenyewe kilikuwa kinaaminika. Nikamwambia msimamizi wa kiwanda kile alikuwa mtu wa kufuata saa kuliko mimi, na wote wawili wakanitazama, nikatambua kwamba sasa hiyo haikuwa sifa kubwa. Akauliza swali gumu zaidi: siku zipi hasa nilikwenda shule, na zipi sikwenda? Mtu huugua. Mvua hunyesha. Bila kujua siku kwa siku, alisema, hawezi kurekebisha kitu, atabahatisha tu, na wakubwa zake hawatakubali kubahatisha.

Komeo hakusahihisha kazi isiyo na tarehe. Nilikuwa na madaftari ishirini na matatu ndani ya sanduku la bati, uvunguni, kila somo na siku yake juu kulia, limepigiwa mstari kwa rula. Mke wangu aliwahi kutaka kuyawashia moto mara tatu.

Kikao kiliahirishwa wiki tatu. Kila asubuhi mtafiti alikuja, tukakaa mezani, mimi nikisoma tarehe na yeye akiandika. Zilikuwa wiki nzuri kuliko nilivyostahili. Katika daftari la sita tulimkuta mshona viatu amechora pembeni kiatu chenye masharubu, sura ya Komeo mtupu. Katika la tisa kulikuwa na doa la mafuta ya baiskeli. Mtafiti alitaka kujua habari za muuguzi, nikamsimulia jinsi alivyomsahihisha mwalimu ubaoni na mwalimu akamwinamia. Tulipofika daftari la kumi na moja akasimama, akasema hapa siku tisa hazipo. Nikafikiri. Nikakumbuka homa ya mtoto wetu wa pili, tulivyompokezana usiku na mchana, na mimi nikitoka mara moja tu kwa siku kupanda juu ya paa.

"Siku hizo ulipima saa ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja kamili. Sikuwa na pa kuwahi."

Akaangalia kompyuta yake. Siku hizo tisa, alisema, namba zangu na za setilaiti zinafanana kama mapacha. Aliandika alama ya vyema pembeni, na mimi nikaomba ruhusa nikatoka nje kidogo.

Mwisho aliniita kituoni, akanionyesha mstari mpya. Ule mchezo wa Jumatatu na Ijumaa ulikuwa umefutika, na miaka kumi na miwili imelala juu ya namba za setilaiti bila kupinda. Kikao kiliipokea yote. Chini ya jedwali waliandika kwamba katika miaka minne ya mwanzo mpimaji aliandika saa isiyo ya kweli, na kwamba muda umesahihishwa kwa kufuata madaftari yake ya masomo ya jioni. Itasomeka hivyo hata nikiwa sipo. Nilimwomba mtafiti asiipunguze. Mkuu wa kituo hakuiondoa picha ukumbini, ila haniiti tena Kamili. Ananiita mzee, na ananipa mkono.

Jambo moja tu lilinikera katika mstari ule mpya. Kwa miaka mingi nimewasimulia wajukuu kwamba hewa ya ujana wetu ilikuwa kama maji ya kisima, kwamba nilikuwa nasimama juu ya paa Jumatatu na kuona vilima vyote mpaka msitu wa kaskazini, kwamba ninyi leo mnavuta takataka. Sikuwa nadanganya. Nilikumbuka hivyo, na nilikuwa na daftari la kuthibitisha. Sasa moshi wa Jumatatu zile umepanda, umekaa sawa na wa Ijumaa, na moshi ulikuwa tayari umeanza, mwaka hadi mwaka, wakati mimi nakanyaga baiskeli kwenda shule huku natazama mbingu na kuiona ya buluu.

Jioni ya siku niliyoonyeshwa mstari ule nilirudi nyumbani nikamweleza Mama Watoto. Aliuliza kwanza kama wamenifukuza. Nikamwambia mstaafu hafukuzwi, hana mahali pa kutokea. Kisha nikamwambia habari ya moshi, nikitegemea atashangaa. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua hata uso.

"Mimi nilijua," alisema. "Nguo za kuanika pale nyuma ya kituo, tulipokuwa tunakaa, nilikuwa nazikung'uta masizi. Jumatatu, Jumatano, siku yoyote. Shuka nyeupe niliacha kununua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unatazama juu."

Nikavuta kiti, nikachukua kalamu na karatasi, nikamwuliza masizi yale yalianza lini. Alinitazama aone kama namfanyia mzaha. Kisha akaweka shuka chini, akaanza kuhesabu kwa vidole: mwaka tuliohamia hayakuwepo, mwaka uliofuata ni upepo ukivuma tu, na ule ambao mtoto wa kwanza alianza kutambaa, yakawa kila siku.